Wazee wa Mwanza, sato na ngege ni samaki mmoja au wawili? Mama mkwe kaniumbua

#1 Jiwe la Bismarck
Wakuu, mwangaluka.

Jana nimeshuka Kirumba mwaloni alfajiri kutafuta samaki wa maana, maana mama mkwe kaja kutoka Nansio na yule mama hali samaki wa kufugwa. Nikakutana na dada mmoja kakaa na beseni lake pembeni, akaninong'oneza kabisa: "Kaka, hawa si sato, hawa ni ngege. Chukua kabla hawajaonwa." Akaniongezea elfu tatu juu ya bei ya sato. Nikatoa, tena kwa furaha.

Nafika nyumbani, mama mkwe akanyanyua mmoja kwa mkia, akamgeuza huku na huku, akamrudisha kwenye sinia. "Mwanangu, huyu ni sato. Ngege mimi nimemla mara ya mwisho wewe hujazaliwa." Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Nimezaliwa Igogo, nakula samaki tangu sijaota meno, leo ndiyo nagundua sijui ninachokula. Ni samaki wawili au ni majina tu? Nilinunua wanne, wawili tumewamaliza jana, wawili wapo kwenye friji hawajaparwa.

#2 Mpenda Udaga
Samaki mmoja huyo mkuu. Ngege ni Kijaluo, sato ni Kiswahili. Umelipa elfu tatu ada ya kujifunza Kijaluo.

#3 Mtoto wa Ukara
Hapo #2 unapotosha. Ukisema hivyo mbele ya wazee wa visiwani watakufukuza kikaoni. Ngege ni ngege na sato ni sato. Sato ni mgeni, kaja juzi tu. Mama mkwe yuko sahihi, kamuombe radhi kwanza ndipo urudi hapa.

#4 Shemeji wa Shirati
Mimi ni Mjaluo, naomba niingilie kwa adabu. Kwetu Shirati ukisema ngege leo, utaletewa huyu huyu mnayemwita sato, hakuna atakayekuuliza mara mbili. Ila marehemu babu akimwona sato alikuwa anasema "huyu ngege wa wazungu". Kwa hiyo #2 na #3 wote mna haki. Neno lilikuwa la samaki mmoja, yule samaki akapotea, jina likahamia kwa aliyebaki.

#5 Mpenda Udaga
Nimesema kitu kile kile kwa maneno machache zaidi.

#6 Chumba cha Nyegezi
Nilisoma mambo ya uvuvi hapa Nyegezi, ngoja nijaribu. Mkuu #1 mtoe samaki kwenye friji, kunjua mkia wake kwa vidole viwili kama unafungua feni, utazame kwenye mwanga.

Ukiona mistari midogo myeusi imepanda wima, mmoja baada ya mwingine, kutoka shina la mkia mpaka ukingoni kama ngazi, huyo ni sato. Hana mjadala. Ngege wa asili hana hiyo ngazi, mkia wake ni wa rangi moja. Kichwa chake pia ni kidogo na mwili umelainika, hana yale mabega ya sato.

Halafu kuna wa tatu mnamsahau: mbiru. Naye ni wa asili wa ziwa hili. Huyo tazama pezi la mgongoni, ukingo wake wa juu una rangi ya chungwa iliyoiva, kama mtu kapitisha wino. Dume lake likiwa kwenye kuzaliana linaning'iniza kishada karibu na sehemu ya haja. Ukiona hicho kishada humsahau.

#7 Dada Beseni
Nauza samaki mwaka wa kumi na moja. Si mimi niliyemuuzia kaka hapo juu, naapa, mimi nakaa upande wa pili.

Niwaambie ukweli wa sokoni. Mteja akija akasema "dada nipe ngege" mimi simfungulii darasa, nampa samaki. Wengine wanaita ngege sato wadogo wanaoenea sahani. Wengine ngege kwao ni sato wa ziwani, ili tu asipewe wa kufugwa kwenye vizimba. Kuna baba mmoja wa Bwiru yeye ngege ni sato mweusi. Sasa nianze kumkunjulia mkia?

Ila kuongeza elfu tatu kwa jina, hiyo ni tamaa.

#8 Mtoto wa Ukara
Dada #7 umesema kweli na umejishtaki hapo hapo.

#9 Mzee Kayenze
Vijana, marahaba kwa wote mlionisalimia moyoni.

Baba yangu alivua Kayenze. Nikiwa mdogo mtumbwi ulikuwa unarudi na ngege, mbiru, ningu wakati wa mvua mito inapojaa, mbofu, domodomo, na furu, wale visamaki wadogo, hadi tunawalisha bata. Sato alikuwepo lakini alikuwa mmoja wa kundi, hakuwa mfalme. Sangara ndiye hatukumjua. Wa kwanza kumwona pale mwaloni watu walimzunguka kama ajali, wengine wakakataa kumla kwa sababu ya mafuta.

Ngege nilimtambua kwa mdomo, si kwa mkia. Alikuwa mtamu, nyama laini, na akichemshwa chukuchuku mchuzi wake hauhitaji kitu zaidi ya chumvi. Sangara akaja akamla, habari yake ikaishia hapo. Ngege alikuwa yule mwekundu.

#10 Chumba cha Nyegezi
Shikamoo mzee #9. Naomba nikurekebishe mawili kwa heshima.

Kwanza sangara anasingiziwa kidogo. Ngege alianza kupungua zamani sana, kabla sangara hajafika. Nyavu za makila ziliingia ziwani mwaka 1905, upande wa ghuba ya Kisumu, na watu wakamvua ngege kupita kiasi. Mwaka 1927 na 1928 Mwingereza aitwaye Michael Graham alizunguka ziwa lote kupima hali. Ndiye aliyempa ngege jina la kitaalamu, Tilapia esculenta, ambalo siku hizi ni Oreochromis esculentus, na hilo esculentus maana yake ni "wa kuliwa". Alipendekeza nyavu zisiwe na macho chini ya inchi 5. Baadaye, miaka ya 1950, wakaletwa sato na wenzake kuziba pengo. Sato akamzidi ngege kwa kila kitu: chakula, sehemu za kuzalia, ukubwa. Sangara naye alipandikizwa kipindi hicho hicho cha 1950 na mwanzo wa 1960, lakini mlipuko wake huku kwetu ni miaka ya 1980. Aliowamaliza hasa ni furu.

Pili, wekundu. Dume la sato likiwa kwenye kuzaliana linapata wekundu kooni, tumboni na kwenye mapezi. Dume la ngege nalo hubadilika rangi. Kwa hiyo "yule mwekundu" anaweza kuwa yeyote mwenye shughuli zake za ndoa.

#11 Mzee Kayenze
Marahaba. Wewe umesoma, mimi nimekula. Sangara alimla, nilipasua matumbo yake mwenyewe.

#12 Mpenda Udaga
"Mwenye shughuli zake za ndoa" 😂😂 Nyegezi mnafundishwa nini huko?

#13 Msafiri Singida
Jamani hii mada imenigusa. Sisi Singida wote hao tunaita perege, yaishe. Lakini kuna bwana samaki mmoja aliwahi kutuambia kwamba perege wa maziwa yetu asili yake ni Victoria, alipandikizwa zamani, na ndiye huyo ngege mnayemlilia. Hata Waingereza wakimtaja kwa lugha yao wanamwita perege wa Singida. Kwa hiyo #1 acha kuhangaika Kirumba, panda basi.

#14 Mtoto wa Ukara
#13 mmemchukua samaki wetu na jina mmebadilisha. Mrudisheni.

#15 Msafiri Singida
Tumemtunza. Nyie mmemfanya nini?

#16 Kapu la Igombe
Mimi nina swali kwa huyo wa Nyegezi. Ngazi ya mkia nimeijaribu leo sokoni kwa samaki kama ishirini. Kumi na kitu ngazi inaonekana vizuri. Watatu imefifia, unaiona ukiamua kuiona. Wawili sikuona kitu kabisa. Hao wawili ni ngege?

#17 Dada Beseni
#16 ndiyo wewe uliyekuwa unafungua mikia ya samaki za watu hununui!!

#18 Kapu la Igombe
Nilinunua mmoja dada. Wa kufifia.

#19 Chumba cha Nyegezi
Hapo ndipo penyewe #16. Samaki akishakufa na kulala kwenye barafu rangi hupauka. Anayetoka kwenye maji machafu ya tope naye hupauka kuliko wa maji maangavu. Na ukimtazama mkia ukiwa umefungwa huoni ngazi hata kama ipo, lazima uukunjue.

Ila kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Sato na ngege wakikutana wanazaana. Vipimo vya vinasaba vimeshaonyesha hivyo, mfano ziwa dogo la Kanyaboli upande wa Kenya, ambako ngege wa asili bado yupo lakini damu ya sato imeshaanza kuingia. Kwa hiyo anayefifia mkia anaweza kuwa sato aliyepauka, anaweza kuwa chotara.

#20 Mpenda Udaga
Kwa hiyo nilivyosema mwanzo kwamba ni samaki mmoja, baada ya vizazi kadhaa nitakuwa sahihi.

#21 Shemeji wa Shirati
Hahaha #20 subira yako ni ya kipekee.

#22 Mvunja Ndoano
Mimi napinga habari ya uchotara kwa samaki wa Kirumba. Hapo ziwa kubwa ngege amebaki hadithi, chotara atazaliwa na nani? Hao wa kufifia ni sato wa vizimba waliotoroka. Vizimba vikipasuliwa na upepo wanatoka mamia, na kwa kula chakula cha vidonge tangu utotoni rangi zao haziko sawa. Nimefanya kazi kwenye vizimba, nawajua. Mnene, tumbo limejaa mafuta meupe, kichwa kidogo kwa mwili.

#23 Kapu la Igombe
Kichwa kidogo kwa mwili? Huyo wa Nyegezi #6 kasema hiyo ni alama ya ngege.

#24 Mvunja Ndoano
Ndiyo maana nasema kichwa kisitumike.

#25 Mzee Kayenze
Sisi tulipasua tumbo. Ngege utumbo wake mrefu umejaa ute wa kijani wa mwani, basi. Sato wa siku hizi pasua utakuta konokono, wadudu, hata dagaa. Huyo anakula kama mtu wa mjini.

#26 Chumba cha Nyegezi
Hilo mzee #25 naliunga mkono moja kwa moja. Sato wa Victoria amebadili mlo, zamani naye mwani ulikuwa sehemu kubwa. Lakini mnunuzi hawezi kupasua kabla hajalipa.

#27 Bwawa la Magu
Nimekuja kuchelewa ila nina kisa. Nyie mnapoteza elfu tatu, mimi nilipoteza msimu mzima.

Nilichimba bwawa Magu, nikaagiza vifaranga vya sato kwa jamaa mmoja wa mwaloni, akaniletea ndoo mbili, vinarukaruka vizuri. Nikavilisha pumba, mashudu, dagaa wa kusaga. Mwezi wa tatu, urefu wa kidole. Mwezi wa sita, urefu wa kidole. Mwezi wa nane nikamwita shangazi yangu aliyeolewa Ukerewe aje aone kama maji yana ugonjwa. Akachota mmoja kwa kikombe, akanitazama kwa huruma. "Baba, hawa wamekua siku nyingi. Umefuga furu."

Na walishazaana, bwawa limejaa.

#28 Dada Beseni
Jamani 😭😭 pole baba. Furu wa kukaanga mkavu na ugali wa muhogo lakini si mchezo.

#29 Bwawa la Magu
Nimewala sana dada. Sina hamu.

#30 Chumba cha Nyegezi
Pole mkuu #27. Kwa faida ya wengine: kifaranga cha sato kina doa moja jeusi nyuma ya pezi la mgongoni, sehemu ile laini, kama jicho la bandia. Akikua linafutika. Furu dume yeye ana vidoa vya njano au chungwa chini, kwenye pezi la karibu na haja, mviringo kama mayai madogo. Jike wa furu ndiye anayesumbua, hana urembo wowote, hapo hata sisi tunababaika. Furu wa ziwa hili walikuwa zaidi ya aina 500, kuna watafiti wa Kiholanzi waliweka kambi ghuba ya Mwanza tangu miaka ya 1970 kuwachambua tu hao.

#31 Mtoto wa Ukara
Nyongeza kwa #30. Bibi yangu alikuwa anasema ngege ndiye anayebeba watoto mdomoni, sato hana huo upendo. Hiyo ndiyo tofauti.

#32 Chumba cha Nyegezi
Bibi alimpendelea wa nyumbani. Sato, ngege na mbiru, majike yote yanabeba mayai mdomoni. Hata furu. Asiyebeba ni yule mgeni mwingine aliyeletwa pamoja na sato, zili, mwenye tumbo jekundu na michirizi minene mwilini. Huyo anataga chini kwenye mchanga, dume na jike wanalinda pamoja. Huyo naye watu wanamuuza kama sato, na wakati mwingine kama mbiru kwa sababu ya wekundu. Mbiru wekundu uko juu kwenye pezi, zili uko chini tumboni.

#33 Mama Lishe Mkuyuni
Nimesoma kimya kimya tangu jana. Nyie mnabishana sato na ngege, mjue kuna vibanda vinawauzia sangara mchanga aliyekaangwa mnaita sato. Akishakatwa kichwa na kupakwa ndimu na pilipili hamjui kitu.

#34 Kapu la Igombe
Na sangara chini ya sentimita 50 ni marufuku kumvua. Tutamjuaje mama?

#35 Mama Lishe Mkuyuni
Mkia. Sangara mkia wake wa mviringo kama pepeo, sato umekatwa wima. Mgongoni sangara ana mapezi mawili yanayokaribia kuachana, sato ni moja linaenda mpaka nyuma. Na nyama ya sangara inabanduka vipande vikubwa vikubwa.

#36 Chumba cha Nyegezi
Mama #35 umemaliza. Naongeza: akija na kichwa, hesabu matundu ya pua. Sato ana tundu moja kila upande, sangara mawili. Na ule mstari wa ubavuni, kwa sangara umenyooka bila kukatika mpaka mkiani, kwa sato umekatika vipande viwili, cha mbele juu na cha nyuma chini. Haya huwezi kuyapausha kwa barafu.

#37 Mpenda Udaga
Nitaenda kwa mama lishe na miwani ya kusomea.

#38 Shemeji wa Shirati
Nami nina changu. Nilimwalika shemeji yangu, Mganda, mume wa dada. Nikanunua kambare aliyekatwa vipande, muuzaji kaniapia ni mumi, ndiye huyo huyo kambare. Tukapika vizuri na nyanya. Shemeji akaonja, akaweka kijiko chini, akauliza taratibu kama ana magamba. Nikaenda jikoni kutazama ngozi, kweli, vigamba vidogo vimezama kwenye ngozi. Kamongo! Na shemeji ni wa ukoo wa Mmamba, kamongo ndiye mwiko wao. Alikula ugali mtupu, hakulalamika. Dada yangu hajanisamehe.

#39 Dada Beseni
Kambare hana gamba hata moja na ana sharubu nane. Kamongo hana sharubu, ana kamba nne ndizo mapezi yake. Ila akishakatwa vipande ni ngozi tu, kama ulivyofanya. Shemeji, samaki hununuliwa mzima.

#40 Mvunja Ndoano
Na mbofu? Kuna watu wanauza mbofu kama mumi pia.

#41 Mtoto wa Ukara
Mbofu mkia una pacha kama mkasi na mgongoni nyuma ana kijinofu kingine cha mafuta. Mumi mkia wa duara, hana hicho kijinofu. Hili hata mtoto anajua. Na kwetu wengine tunamwita hongwe, msianze ubishi mwingine.

#42 Mvunja Ndoano
Hongwe si mbofu.

#43 Mtoto wa Ukara
Haya, yameanza.

#44 Kapu la Igombe
Turudi kwa mwenye uzi. #1 umepotea. Tunataka picha ya mkia umekunjuliwa, picha ya pezi la mgongo, na kama una moyo mpasue tumbo. Tumegawanyika hapa: sato aliyepauka, chotara, mtoro wa kizimba, na mpenda udaga wetu anayesema ni Kijaluo tu.

#45 Mzee Kayenze
Na umuulize mama mkwe alimtambua kwa nini. Alimnyanyua kwa mkia, alikuwa anatazama kitu.

#46 Jiwe la Bismarck
Wakuu samahani, nilikuwa kazini. Nimesoma yote, asanteni, #38 pole sana.

Mzee #45 nimemuuliza. Kasema hakutazama mkia, aliushika tu kwa sababu ndipo pa kushikia. Alimtambua kwa harufu ya matamvua. Nikamuuliza harufu gani, akasema "ya sato".

Picha hakuna. Nimerudi nimekuta mke wangu kaamua kuwapika wote wawili, mmoja chukuchuku na mmoja wa kukaanga, na mama mkwe kala wa chukuchuku peke yake mpaka kichwa. Kuhusu mchuzi hajasema neno, ila kaniuliza yule dada wa beseni anakaa upande gani wa mwalo. Wa kukaanga mkia wake upo kwenye sahani, nimeukunjua ukavunjika. Umeungua, wote ni mweusi.

#47 Kapu la Igombe
Umevunjika vipande vingapi? Vipange kwenye mwanga.

#48 Mvunja Ndoano
Hongwe si mbofu, nasubiri jibu.